Maswali ya Wasomaji: Nawezaje Kumrudia Mungu na Kumtumaini Tena?

Katika toleo hili tumechagua barua nne zinazohusu jambo moja, yaani jinsi Mkristo aliyepoa, aliyevunjika moyo au aliyeanguka anavyoweza kurudi katika uaminifu na kumtumaini Mungu tena. Tumezifupisha na kuondoa majina ya walioziandika.

SWALI: Mtumishi, Bwana asifiwe. Niliokoka nikiwa kijana, na kwa miaka mingi nilihudumu kanisani hata nikawa kiongozi wa maombi. Sikuanguka katika dhambi ya aibu, nilipoa tu. Kwanza niliacha kusoma Neno, kisha nikaacha maombi ya faragha, na baadaye nikawa naikosa ibada bila hata kusutwa na dhamiri. Sasa nataka kurudi, lakini kila nikipiga magoti najiona mnafiki, kwa sababu kinywa kinasema na moyo ni mkavu. Je, nisubiri mpaka moyo urudi, au niendelee kuomba hivyo hivyo?

JIBU: Ndugu yangu, endelea kuomba hivyo hivyo, wala usisubiri. Ukisema utaomba moyo utakaporudi, utakuwa umeufanya moyo wako kuwa mlango wa kumfikia Mungu, ilhali mlango ni Kristo, naye hakuweka sharti kwamba wanaomjia wawe wamekwisha kuwaka. Alisema, "wala yeyote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe" (Yohana 6:37).

Soma polepole ujumbe ambao Bwana aliupeleka kwa kanisa la Efeso katika Ufunuo sura ya 2. Waumini wa Efeso walikuwa wamefundishwa vizuri. Mtume Paulo mwenyewe alikaa kwao miaka mitatu, akiwaonya usiku na mchana kwa machozi (Matendo 20:31). Bwana anawasifu kwa taabu yao, kwa subira yao, na kwa kuwajaribu watu waliojiita mitume na kuwaona kuwa waongo. Hata hivyo ana neno moja juu yao, nalo linafanana sana na hilo unalolieleza: "umeuacha upendo wako wa kwanza." Sasa angalia anachowaagiza. Hawaambii waikokote kwa nguvu ile furaha waliyokuwa nayo siku walipoamini, bali anasema, "kumbuka ni wapi ulikoanguka, ukatubu, ukayafanye matendo ya kwanza." Agizo lake linahusu matendo, kwa maana matendo ni jambo ambalo hata mtu aliyepoa anaweza kulitii leo, kabla hisia zake hazijabadilika, na kwa kawaida ni katika utii huo mkavu, usio na ladha, ndipo upendo huanza kurudi pasipo mtu kutambua ulianza saa ngapi.

Kuhusu unafiki, nadhani unajihukumu isivyo haki. Mnafiki huomba ili aonekane na watu, na hujionyesha kuwa na kitu asichokuwa nacho. Wewe uko peke yako mbele za Mungu, na jambo la kwanza unalotaka kumwambia ni kwamba moyo wako ni mkavu. Basi mwambie hilo. Sala inayoanza na ukweli huo ina uaminifu ndani yake kuliko zile nyingi zilizojaa sifa tulizozoea kuzitamka. Baba yule aliyemleta mwanawe kwa Yesu alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" (Marko 9:24), na Bwana hakumrudisha nyumbani akaiongeze imani yake kwanza, alimponya mtoto.

Na ukikosa hata maneno, fungua kitabu cha Hosea sura ya 14. Hosea alihubiri katika ufalme wa kaskazini wa Israeli katika karne ya 8 kabla ya Kristo, kwa watu waliomwacha Bwana wakaifuata miungu ya mabaali, na walipotishwa na maadui wakakimbilia msaada wa wafalme wa mataifa kama Ashuru. Mwishoni mwa kitabu, baada ya maonyo makali, nabii anawaambia, "Twaeni maneno pamoja nanyi, mkamrudie Bwana," halafu anawapa maneno yenyewe ya kusema. Mungu aliyekosewa ndiye anayemtungia mkosaji sala ya kurudi! Mimi sijui faraja kubwa kuliko hiyo kwa mtu aliyesahau kuomba. Katika sala hiyo watu wanakiri kwamba Ashuru hatawaokoa, wala hawatawapanda farasi, wala hawataiita kazi ya mikono yao kuwa miungu yao. Yaani wanavitaja kwa majina vile walivyovitumaini badala ya Mungu. Nawe fanya vivyo hivyo. Jiulize ni nini kilichokaa mahali pa Mungu katika miaka hiyo ya kupoa: huenda ni kazi, huenda ni akiba, huenda ni sifa ya watu, na kwa mtu aliyekuwa kiongozi wa maombi huenda ni huduma yenyewe. Inawezekana kabisa kuwaongoza wengine katika maombi kwa muda mrefu huku maombi yako ya siri yamekwisha kufa, kwa sababu ujuzi wa kuomba mbele ya watu haufi haraka. Baada ya kukiri huko ndipo linapokuja lile neno la Bwana, "Mimi nitawaponya kurudi nyuma kwao, nitawapenda kwa ukunjufu wa moyo."

Jambo moja zaidi nakusihi sana: usiweke nadhiri kubwa. Watu wengi wanaorudi huanza kwa kuahidi kufunga kila juma, kukesha kila usiku na kuimaliza Biblia kwa muda mfupi, kisha nadhiri ikivunjika huona aibu na kupotea mbali kuliko mwanzo. Petro naye aliahidi kwamba hata wengine wote wakichukizwa yeye hatachukizwa kamwe, na kabla jogoo hajawika alikuwa amekwisha kukana. Chagua sehemu fupi ya Maandiko na muda mfupi wa sala ambao unaweza kuutimiza hata siku ya uchovu, na urudi kwenye ibada ya Jumapili ukae na waumini wenzako, bila kuomba upewe tena uongozi. Huduma ina wakati wake. Kwa sasa wewe ni mwana anayerudi kwa Baba yake, na hilo linatosha.

SWALI: Mtumishi wa Mungu, mume wangu aliugua kwa muda mrefu. Tuliomba, tulifunga, na watumishi kadhaa walitutamkia kwa jina la Bwana kwamba hatakufa. Alikufa. Baadaye nikaambiwa kwamba pengine imani yetu ilikuwa ndogo. Sijaacha kuamini kwamba Mungu yupo, lakini siwezi kumtumaini tena, na nikisikia watu wakiimba kwamba yeye ni mwaminifu nanyamaza. Je, nimekuwa mwasi?

JIBU: Hapana, mama. Wewe ni mfiwa aliyejeruhiwa mara mbili, kwanza na kifo, kisha na maneno ya watu. Pokea pole zetu za dhati.

Naomba nianze na hao waliotamka kwa jina la Bwana. Torati inasema waziwazi kwamba nabii akinena kwa jina la Bwana na jambo lile lisitokee, Bwana hakulinena neno lile (Kumbukumbu la Torati 18:22). Kwa hiyo ahadi iliyovunjika hapa haikuwa ya Mungu. Ilikuwa ya wanadamu waliotumia jina lake, labda kwa nia njema ya kukutia moyo, lakini walikutwika mzigo ambao si wako kuubeba, na baadaye, badala ya kukuomba radhi, wakakuongezea mwingine kwa kukuambia kwamba imani yako ilipungua. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu katika makanisa yetu jambo hili limekuwa la kawaida mno, na wafiwa wengi wameiacha imani wakidhani kwamba wamesalitiwa na Mungu, kumbe walisalitiwa na ulimi wa mtu.

Ukiisha kuuweka chini mzigo huo, bado litabaki swali lenyewe, ambalo hakuna mtumishi anayeweza kulijibu: kwa nini Mungu aliyeweza kuponya hakuponya? Sitajaribu kukupa sababu. Ninachoweza kukuonyesha ni kwamba Biblia haimfukuzi mtu mwenye swali hilo. Lazaro alipokufa, Martha alimwambia Yesu kwamba kama angalikuwapo, ndugu yake hangalikufa. Na Mariamu alipofika akasema neno lile lile (Yohana 11:21 na 32). Huenda dada hao wawili walikuwa wamelirudia neno hilo nyumbani siku zote za matanga. Lilikuwa lawama, na Yesu hakumkemea hata mmoja wao. Alilia pamoja nao, ingawa alijua anachokwenda kufanya kaburini. Tena soma Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka kabla ya kumalizika na kuingia katika sifa, lakini hiyo haigeuki. Inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na bado imewekwa katika Maandiko Matakatifu ili mtu kama wewe awe na sala ya kuomba siku ambayo hawezi kuimba.

Halafu, wakati utakapoweza, nenda Gethsemane. Huko Mwana wa Mungu mwenyewe aliomba kikombe kimwondokee, na hakikumwondokea. Je, tutasema imani yake ilikuwa ndogo? Vijana watatu walioletwa mbele ya mfalme Nebukadneza nao walisema kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo" (Danieli 3:18), hawataisujudia sanamu. Kumtumaini Mungu kwa namna hiyo ni kujikabidhi mikononi mwake bila kujua mkono huo utafanya nini kesho, na nakiri kwamba hakuna anayefika hapo kwa kuhimizwa na mahubiri ya dakika chache. Watu hufika polepole, wengine baada ya miaka.

Kwa sasa usijilazimishe kuimba. Kaa ibadani, waache wengine waimbe kwa niaba yako. Hiyo pia ni kazi ya kanisa. Tafuta mtu mmoja mcha Mungu, mzima wa akili na mpole wa maneno, atakayekusikiliza bila kukufundisha. Na kila jioni mwambie Mungu yale yaliyomo moyoni mwako, hata kama ni hasira tupu, kwa kuwa mtu anayemnung'unikia Mungu uso kwa uso bado anamwendea yeye.

SWALI: Nilipokuwa mahali ambapo Wakristo walidharauliwa, niliulizwa zaidi ya mara moja kama mimi ni Mkristo, nikakana, na nikashiriki katika mizaha dhidi ya imani. Nimetubu, lakini nilisoma Waebrania 6:4-6, kwamba walioonja kipawa cha mbinguni wakaanguka haiwezekani kuwafanya upya wakatubu. Tangu hapo sina amani. Je, mlango umefungwa?

JIBU: Mlango haujafungwa, ndugu mpendwa. Ni kweli kwamba Wakristo wa madhehebu mbalimbali wameyaeleza maneno hayo ya Waebrania kwa njia tofauti, lakini usiyasome ukaishia mstari wa 6. Katika mstari wa 9 mwandishi anawaita wasomaji wake "wapenzi" na kusema amesadiki katika habari zao mambo yaliyo mazuri zaidi, yaliyo na wokovu. Anawaonya watu waliokuwa wakivutwa kumwacha Kristo kabisa, ili wasifike huko. Onyo lake linamhusu mtu anayemkataa Mwokozi na kudumu katika kumkataa. Wewe unalia kwa sababu unamtaka, na kilio hicho hakitoki katika moyo ambao Roho Mtakatifu ameuacha.

Swali lako liliwahi kulitikisa kanisa zima. Kaisari Decius aliagiza wakazi wa dola ya Roma waitolee miungu dhabihu, na katika mwaka 250 agizo hilo liliwaangukia Wakristo kwa ukali. Wengine waliuawa, wengine walifungwa, lakini wengi walitoa dhabihu, au walitafuta kwa fedha hati ya kuthibitisha kwamba wametoa ingawa hawakutoa. Mateso yalipopungua, walioanguka walirudi makanisani wakilia na kuomba kupokelewa. Huko Roma, kasisi mmoja aliyeitwa Novatian alishikilia kwamba kanisa halina ruhusa ya kuwarudisha katika ushirika. Kwa upande mwingine walikuwapo waliotaka warudishwe mara moja bila toba ya maana. Cyprian, askofu wa Karthago katika Afrika ya Kaskazini, pamoja na maaskofu wenzake waliokutana mwaka 251, waliikataa misimamo yote miwili: aliyeanguka apokelewe, lakini kwa njia ya toba ya kweli yenye muda na usimamizi, kila mmoja kwa kadiri ya kosa lake. Mwaka 325 Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, nao uliweka utaratibu wa kuwarudisha walioanguka katika mateso ya baadaye, na ukaagiza kwamba aliye karibu kufa asinyimwe ushirika. Kumbuka kwamba maamuzi hayo yalitolewa wakati makaburi ya mashahidi yalikuwa bado mapya. Kama kulikuwa na watu wenye sababu ya kuufunga mlango, ni hao, na hawakuufunga.

Lakini hoja kubwa zaidi ni Petro. Bwana alimwambia kabla hajaanguka, "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako" (Luka 22:32). Sala ya Kristo ilitangulia anguko, na kazi ya baada ya kurudi iliandaliwa kabla Petro hajaondoka. Petro alikana akiota moto wa makaa katika ua wa kuhani mkuu (Yohana 18:18). Kando ya ziwa, baada ya ufufuo, Yesu aliwasha moto wa makaa, akamlisha, kisha akamuuliza mara tatu kama anampenda. Hakumtaka aeleze kwa nini alikana. Alimwuliza kuhusu upendo na kumkabidhi kondoo. Yuda alijuta pia, hata akazirudisha fedha, ila alikwenda na majuto yake mahali pasipo na Kristo. Tofauti kati ya wawili hao iko hapo, katika mahali walipoyapeleka machozi yao, na wewe umeyapeleka yako mahali panapofaa.

Kama ulikana mbele ya watu unaoweza kuwafikia, waambie sasa kwa upole kwamba wewe ni wa Kristo. Paulo alimwandikia Timotheo, "Kama sisi hatuamini, yeye hudumu wa kuaminiwa. Kwa maana hawezi kujikana mwenyewe" (2 Timotheo 2:13). Uliweza kumkana yeye, lakini yeye hawezi kujikana.

SWALI: Mume wangu alipoteza mali yetu nyingi katika michezo ya kubahatisha na kunificha kwa muda mrefu. Sasa ametubu, amepokelewa kanisani, na watu wanafurahi. Nimemsamehe. Ila wazee wananiambia kwamba kama kweli nimesamehe, nimkabidhi tena fedha za nyumba. Moyo wangu unakataa. Je, ninakosa imani?

JIBU: Dada yangu, hukosi imani. Msamaha unaweza kutolewa kwa siku moja, kwa kuwa unasimama juu ya rehema ya Kristo; kuaminiwa kunasimama juu ya mwenendo wa mtu, na mwenendo unahitaji muda ili uonekane. Yohana Mbatizaji aliwataka waliotubu wazae matunda yapasayo toba (Mathayo 3:8). Zakayo hakuomba aaminiwe. Aliahidi mbele ya watu kwamba nusu ya mali yake atawapa maskini, na aliowanyang'anya atawarudishia mara nne. Yohana Marko naye aliwaacha Paulo na Barnaba huko Perge, na Paulo akakataa katakata kumchukua katika safari iliyofuata, hata wakatengana na Barnaba. Miaka mingi baadaye, Paulo akiwa kifungoni, anaomba Marko aletwe kwake, "maana anifaa kwa utumishi" (2 Timotheo 4:11). Imani hiyo ilirudi kwa sababu Marko aliendelea kutumika, na kwa sababu alikuwapo Barnaba wa kumshika mkono.

Kwa hiyo simamia fedha wewe kwa sasa, au mkubaliane kwamba kila matumizi yajulikane na wote wawili, na mumeo awe na mtu mzima wa kiroho atakayemwuliza mara kwa mara anaendeleaje. Kama toba yake ni ya kweli, atakubali, tena kwa shukrani. Akikasirika na kudai haki ya kuaminiwa papo hapo, lichukue hilo kuwa ishara kwamba bado kuna kazi ya kufanyika ndani yake. Lakini usimfanye mshtakiwa wa kudumu. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba aliyekwisha kuadhibiwa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni iliyozidi (2 Wakorintho 2:7). Akifanya vizuri, mwambie kwamba umeona.

Na wazee wenu nawaomba kwa heshima wasiigeuze furaha ya kumpokea mpotevu kuwa shinikizo juu ya yule aliyeumizwa. Wamtembelee mumeo, wamsaidie kupanga ulipaji wa madeni, na wakutembelee wewe pia, wakuulize umeumia kiasi gani.